Kona Kumi na Tisa

Jumatatu, 2 Juni

Daktari wa koo amenipiga marufuku kuongea nikisharudi nyumbani. Anasema nikiendelea hivi, kufika mwisho wa msimu nitakuwa naongoza watalii kwa ishara za mikono. Mume wangu aliposikia alijifanya kusikitika, lakini nilimwona akigeukia ukutani na mabega yanamtikisika. Basi nimenunua daftari. Nisiyoweza kuyasema nitayaandika, na asithubutu kulifungua.

Msimu umeanza leo. Safari mbili, asubuhi na mchana, kutoka ofisini hadi juu kabisa, kwenye ukingo wa shimo la mlima ambako moshi unatoka. Kona kumi na tisa kupanda, kumi na tisa kushuka. Dereva ni baba mkwe wangu. Wenzake wanamwita Gia Mbili kwa sababu tangu aanze kazi, miaka thelathini na moja sasa, hakuna aliyemwona akipanda kwa gia ya tatu. Mimi wananiita Redio. Mume wangu ni fundi wa gereji ya kampuni hiyo hiyo. Ukitukuta mezani jioni utadhani ni kikao cha wafanyakazi.

Maelezo ninayoyatoa kwenye kipaza sauti nilifundishwa na Baba mwenyewe miaka tisa iliyopita, nilipoolewa na kupewa kazi. Alinikalisha kwenye kiti cha mbele akaniambia: "Kila neno lina mahali pake barabarani. Mawe meusi unayataja tukiacha daraja. Wachungaji waliokimbia moto unawataja kabla ya kona ya saba. Usitangulie, usichelewe." Nikashika. Leo hii unaweza kunifunga kitambaa usoni nikakwambia tuko kona ya ngapi kwa sentensi tu.

Ukungu ukishuka, madereva wengine wanageuza. Baba hageuzi. Ananiambia, "Wewe ongea tu, mimi nitafika," na tunafika, na wageni wanampigia makofi. Meneja anamsifu kila mkutano. Mimi huwa najisikia kama sifa hizo nusu ni zangu.

Jumatano, 4 Juni

Safari mbili. Vumbi. Mgeni aliuliza mlima huzimwa saa ngapi. Nikamwambia swichi yake bado tunaitafuta.

Jumatatu, 9 Juni

Kituko cha leo. Kuna mama anayesafisha barabara yetu, anaondoa mawe na kokoto zinazoporomoka. Anavaa kizibao cha rangi ya chungwa na anashinda maeneo ya kona ya tano. Mimi humtambulisha kwa wageni: "Na huyu ndiye mwenye barabara yake, sisi tunapita kwa hisani." Baba hupiga honi mara mbili, mama anapunga mkono, wageni wanapunga, mambo yanakuwa mazuri.

Leo hakuwepo. Nilisoma sentensi yangu kwa mazoea, na Baba akapiga honi mara mbili, na wageni wote wakapungia mwamba. Nilicheka hadi machozi. Baba naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Jumamosi, 14 Juni

Tumejaza gari asubuhi na mchana. Jioni Baba alijimiminia chai huku kidole amekiingiza ndani ya kikombe. Nikasahau marufuku, nikasema, "Baba, utaungua." Akasema anapima joto. Mzee ana mambo yake.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekasirika, na kwa kuwa nimekatazwa kufoka nitafokea karatasi.

Safari ya asubuhi ilikuwa ya wanafunzi, na watatu walianza kutapika tangu kona ya nne. Nikaacha kipaza sauti nikawa nahangaika na mifuko na matambara. Nilipopata nafasi nikaruka habari ya wachungaji, nikaingia moja kwa moja kwenye chemchemi. Baba akakanyaga breki. Katikati ya barabara, jua linawaka, hakuna gari, hakuna ng'ombe.

"Wachungaji wako wapi?" akaniuliza.

"Baba, watoto wanatapika."

"Nimeuliza wachungaji wako wapi."

Hakuondoa gari mpaka nilipoisimulia habari ya wachungaji, mwanzo hadi mwisho, kwa watoto wenye midomo iliyofungwa kwa leso. Nilimnong'oneza mume wangu kwamba baba yake sasa amevuka mpaka, anataka kuniendesha na mimi kama gari. Mume wangu alisema anakwenda kuangalia tairi, na tairi zilikuwa salama salimini.

Ijumaa, 27 Juni

Meneja ametuita. Kampuni imenunua mashine ya maelezo. Kila kiti kitawekewa spika za masikioni, mgeni atachagua lugha yake, na sauti ya mtu wa mbali huko itamweleza mlima wetu. Nikauliza, "Na mimi?" Akasema nitabaki kuwa msimamizi wa safari. Kusimamia nini? Mikanda?

Meneja ni mama mwenye roho nzuri, na aliponiona nimenyamaza alisema itanipumzisha koo. Nilimshukuru. Nilikwenda nyuma ya gereji nikalia.

Jumanne, 1 Julai

Sikutegemea kuandika haya. Baba, ambaye tangu yale ya wachungaji tulikuwa tunasalimiana kwa mkato, amekwenda ofisini kwa Meneja akamwambia hataki mashine. Katibu alisikia yote na amenisimulia. Baba alisema: "Gari lile lina sukani mbili. Mmoja ninao mimi, mwingine anao yule binti. Ukimwondoa yeye, niondoe na mimi."

Miaka tisa hajawahi kunisifu mbele ya mtu. Nimempikia leo mwenyewe, nikamwekea maji ya kunawa, na hasira zote zimekwisha. Ningekuwa na ruhusa ya kuongea ningemwambia ahsante. Nadhani ameelewa.

Jumapili, 6 Julai

Mashine imefungwa kwenye gari. Meneja hakubadili mawazo. Kesho kutwa tunaijaribu.

Jumanne, 8 Julai

Nitaandika yote.

Tuliondoka saa tatu asubuhi, hali ya hewa safi, watu ishirini na wanne. Kila mmoja amejiziba masikio, anatabasamu na dirisha. Ndani ya gari kimya kama chumba cha mtihani. Mimi nimekaa kwenye kiti changu cha pembeni ya dereva, mikono nimekunja, nimenuna. Sijui kama niliwahi kununa vile tangu utoto.

Tulipopita daraja Baba akasema, "Mbona huongei?"

"Mashine inaongea, Baba. Masikioni mwao."

"Basi niongeleshe mimi."

Nikadhani ananibembeleza. Nikajibu, "Na wewe uvae mashine," halafu nikaona nimekosa adabu, nikanyamaza zaidi. Ee Mungu, laiti ningefungua mdomo.

Alienda taratibu mno. Wageni waliona ni uangalifu. Kona ya tano hakupiga honi, na yule mama alikuwepo, alipunga mkono wake peke yake. Kona ya nane alikata vizuri. Ya tisa, ya kumi. Kona ya kumi na moja inapinda kulia, na kushoto ni korongo. Nilikuwa naangalia kucha zangu. Nilipoinua macho barabara ilikuwa imekwenda kulia na sisi tunakwenda mbele.

"Kulia!" nilipiga kelele. "Kulia, Baba, kulia!"

Akazungusha usukani. Tairi la mbele likagonga moja ya mawe ya ukingoni, yale yaliyopakwa chokaa, gari likaruka, likarudi barabarani. Wageni wawili waliondoa spika wakauliza kama hicho ndicho kituo. Mmoja alipiga makofi.

"Breki imenishika," alisema Baba. Jasho jembamba lilikuwa linamtiririka shingoni.

Nikachukua kipaza sauti. Nikaanza kusimulia kutoka pale pale tulipokuwa, mashine zinasema yao na mimi nasema yangu, na sikunyamaza mpaka ukingoni, wala wakati wa kushuka. Kila sentensi niliyoimaliza nilimwona akikata kona kwenye neno la mwisho. Si kwenye kona. Kwenye neno.

Alasiri mume wangu alifungua breki zote nne. Hakuna hata moja yenye tatizo. Aliponiambia hakunitazama.

Jumatano, 9 Julai

Safari mbili. Nimeongea mwanzo mwisho. Sauti imekauka. Salama.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia mume wangu. Nilimfuata gereji, nikafunga mlango, nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa: "Baba haoni."

Akaanza kutoa povu. Nani kasema, nimetumwa na nani, mzee anaijua barabara ile kuliko kiganja chake. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza, yale mawe ya ukingoni, nani aliyeyapaka chokaa mwaka jana?

Ni yeye. Siku nne alikuwa huko na ndoo na brashi. Alituambia ni kwa ajili ya picha za watalii.

Akaketi juu ya tairi akafunika uso. "Aliniomba," akasema. "Alisema macho yanamchoka jioni. Mimi ningemwambiaje hapana? Ni baba yangu." Nimeolewa na mwanamume huyu miaka tisa na leo ndiyo mara ya kwanza kumwona akilia, na badala ya kumwonea huruma nilitaka kumzaba kibao. Huruma ilikuja baadaye, njiani.

Jumapili, 13 Julai

Mtu anamwambiaje baba mkwe wake kwamba amekuwa kipofu? Nimelala na hilo, nimeamka nalo. Kumkosoa chumvi tu kwenye mboga nalazimika kuzunguka. Nilimkuta uani anapiga viatu rangi, nikasimama mbele yake bila kusema kitu, kama hatua tatu hivi. Akaendelea kupiga brashi. Kisha akasema, "Wewe unayesimama, ama useme ama uondoke juani kwangu."

Nikapiga magoti nikamwamkia. Akaweka kiatu chini.

"Umekuja kuniuliza," akasema. "Uliza."

Sikuweza. Akajijibu mwenyewe. Ni presha ya macho. Huu mwaka wa pili. Daktari alimwambia kilichokwisha kupotea hakirudi. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linaingia ukungu. Kila mwaka madereva wanapimwa macho, na yeye ule ubao wa herufi ameukariri, mstari kwa mstari, kama alivyoikariri barabara. Alinisomea herufi zote pale uani, za juu mpaka za chini kabisa. Alizisoma kwa majivuno, kisha akaona aibu.

"Baba, kuna watu mle ndani."

"Najua kuna watu. Miaka thelathini na moja sijamkwaruza hata mmoja." Akatafuta brashi kwa mkono, nikamsogezea. "Nikishuka kwenye kile kiti, mwanangu, mimi ni mzee wa kushikwa mkono kupelekwa chooni. Nipe msimu huu tu. Nimalize, niegeshe gari mwenyewe, nikabidhi ufunguo mwenyewe. Wewe ongea tu."

Wewe ongea tu. Hata siku ile kwa Meneja hakunitetea mimi. Alikuwa anatetea macho yake. Liliniuma hilo, na nimeona haya kwamba liliniuma kuliko hatari ya wale watu ishirini na wanne.

Nikamwambia sawa. Nimeliandika hapa ili kesho nisije nikasema sikukubali.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwambia Meneja kwamba mashine zinawaumiza wageni vichwa na watu wazima hawazielewi. Amekubali niendelee kuongea, anayetaka spika avae. Nimedanganya bila kupepesa macho. Safari mbili. Salama.

Jumatano, 16 Julai

Salama.

Jumamosi, 19 Julai

Ukungu mzito. Madereva watatu wamegeuza. Sisi tumefika. Wageni wakapiga makofi, na mimi nikaenda msalani nikatapika.

Alhamisi, 24 Julai

Zamani wageni walikuwa kofia na kamera tu. Sasa nawatazama. Leo kulikuwa na mzee na mkewe waliofunga safari baada ya miaka arobaini ya ndoa. Kulikuwa na mtoto mchanga amefungwa mgongoni. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyehesabu kona kwa sauti, na nilitaka kumwomba anyamaze kwa sababu Baba alikuwa anasikiliza. Nimegundua naongeza maneno: "Kulia kwenu kidogo, mabibi na mabwana, kulia zaidi." Wageni wanageuza shingo kulia, wakitafuta cha kuona.

Salama.

Ijumaa, 1 Agosti

Alfajiri mlima umetikisika. Si sana, vikombe viligongana kabatini. Watu wa kituo cha kupima mlima wamesema si mlipuko, ila mawe yanaweza kuporomoka barabarani, madereva wawe macho. Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama. Baba alikuwa anafunga kamba za viatu.

Jumapili, 3 Agosti

Nimemwomba aache. Nimemwambia, Baba, mlima unasogea, na maneno yangu ni ya mlima wa zamani. Amesema wiki sita tu zimebaki. Nimemwomba mume wangu amwambie. Amekwenda, amerudi, hajamwambia. Tuko watu wazima watatu ndani ya nyumba hii na hakuna mwenye ubavu wa kusema hapana moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbili. Salama. Jiwe dogo kona ya sita, mama wa kizibao alishaliondoa.

Jumatatu, 11 Agosti

Mbili. Salama. Koo linatoa damu kidogo. Nimelinyamazia.

Alhamisi, 14 Agosti

Safari ya mchana. Jua, anga safi, ningesema siku nzuri kuliko zote mwezi huu. Watu ishirini na wanne. Asubuhi tulikuwa tumepita bila shida, na kati ya asubuhi na mchana mlima ulitikisika tena kidogo sana, wengine hata hawakusikia.

Kona ya kumi na nne ina sentensi ninayoipenda kuliko zote. Inaanza tukiwa bado hatujaiona kona: "Hapa ndipo moto uliposimama, bila mtu kuusimamisha." Kwenye neno "kuusimamisha" Baba anakata kushoto, na bonde lote linafunguka. Nilisema sentensi yangu. Akakata. Bonde likafunguka, na katikati ya barabara kulikuwa na jiwe ukubwa wa meza, na nyuma ya jiwe, amechuchumaa, amelitia mtaimbo chini akijaribu kulibingirisha, yule mama wa barabara. Kizibao cha chungwa. Hakuinua kichwa. Bila shaka alijua ni gari la Gia Mbili, na Gia Mbili husimama.

Baba hakusimama. Alikuwa anangoja sentensi inayofuata.

"Simama!" Nilisema ndani ya kipaza sauti, sikukumbuka hata kukishusha. "Baba, simama! Simama!"

Alikanyaga kwa miguu yote miwili. Mizigo ilishuka juu ya vichwa. Gari liliteleza, likagusa jiwe, jiwe likasogea, na yule mama akaanguka kwa makalio na mtaimbo wake ukalia chini. Kati ya jiwe na magoti yake ilibaki nafasi ya mkono mmoja.

Kisha Baba alinigeukia. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, katikati yetu, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote za gari, mbele na nyuma.

"Kuna nini?" alisema. "Kuna nini hapo mbele, mwanangu? Mimi sioni."

Nilisikia mtoto mmoja akimwuliza mama yake, "Haoni nini?" na mama akamziba mdomo. Nikazima kipaza sauti, nikiwa nimechelewa.

"Vuta breki ya mkono, Baba," nikamwambia. Akavuta. Nikamwambia azime gari, akazima. Aliutoa ufunguo akanipa bila kuombwa, na mkono wake ulipapasa kidogo kabla ya kupata wangu, mbele ya watu wote.

Yule mama alikuja dirishani anajipangusa vumbi. Nadhani bado hasira haikuwa imefika.

"Mzee," akasema, "hukuniona? Kila siku unanipigia honi."

"Nilikuwa nakupigia kwa kukisia, dada," alisema Baba. "Nisamehe."

Mama akaweka mkono kwenye kioo. Kisha akaenda kukaa kando ya barabara.

Nilipiga simu gereji. Wageni walishuka wote, wengine wakanitazama kwa namna ambayo sitaisahau, na yule mwenye mtoto aliniuliza waziwazi: "Wewe ulijua?" Nikasema ndiyo. Akachukua mtoto wake akaenda kusimama mbali. Haki yake. Mume wangu alikuja na gari dogo pamoja na dereva mwingine. Dereva akashusha basi. Mume wangu alimshika baba yake kiwiko, na Baba akakiacha kishikwe.

Ijumaa, 15 Agosti

Ofisini kwa Meneja. Tulikaa sisi watatu upande mmoja.

Baba alianza kabla hajaulizwa. Alisema kosa ni lake peke yake, aliwaficha wote, mtoto wake hakujua, na huyu binti alidanganywa kama abiria wengine. Alisema vizuri, kwa utulivu, na nikajua alikuwa amekariri. Ningenyamaza tu ingepita. Meneja alikuwa ameshaanza kuandika.

"Nilijua," nikasema. "Tangu tarehe nane Julai. Nimempandisha mlima siku thelathini na kitu nikijua."

Baba aliguna. Meneja akaweka kalamu chini. "Kwa nini?"

Nikamwambia kwa sababu ni baba mkwe wangu na nilishindwa kumwambia hapana. Nikamwambia pia, kwa sababu ndiyo kweli, kwamba kuna siku nilijiona fundi. Nilijiona naliendesha gari kwa mdomo.

Mume wangu akasema na yeye alijua, akataja chokaa. Meneja alitutazama mmoja mmoja. Alisema, "Na mimi kila ukungu nilimpigia makofi." Kisha akatueleza: Baba amestaafu kuanzia leo. Mume wangu amepewa onyo la maandishi. Mimi nimesimamishwa mpaka msimu uishe, na msimu ujao ataona, hajaahidi. Sikuona amenionea.

Nje Baba alinisemesha neno moja tu. "Nilikuwa nakukinga."

"Najua, Baba."

"Hukutaka kukingwa." Akaenda.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemtafuta yule mama wa barabara nyumbani kwake, nikampelekea salamu na kumwomba radhi. Alisema yeye hana kinyongo na mzee. "Mzee alikuwa haoni," alisema. "Wewe ulikuwa unaona." Nikaaga, nikaondoka.

Ijumaa, 29 Agosti

Koo limepona. Sina cha kulifanyia. Baba anashinda amekaa uani. Juzi alikataa fimbo, jana aliipokea, leo ameniuliza ina rangi gani. Nikamwambia kahawia. Akasema, "Afadhali. Nyeupe ni ya vipofu." Ndiyo mazungumzo yetu marefu tangu ofisini.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya mwisho ya msimu. Asubuhi Baba alitoka chumbani amevaa koti lake la kazi. Mume wangu akashtuka. "Msiogope," akasema. "Nataka kwenda juu. Kama abiria. Mwanangu, wewe utanisindikiza?"

Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa nyuma ya dereva. Alitaka kiti cha pembeni, akafunga mkanda kabla ya kuambiwa. Dereva mpya alimwamkia kwa heshima zote. Kulikuwa na mashine kila kiti, na Baba alivaa spika kwa dakika moja akazivua. "Huyu bwana," akasema, "hajawahi kufika."

Kona ya kwanza hadi ya mwisho mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu. Nilitaka kuushika. Sikuushika. Kwenye kona ya tano mama wa barabara alikuwepo, akaliona koti lile dirishani, akainua mkono. Nikamwambia Baba. Naye akainua wake, akaushikilia juu mpaka tulipopita.

Kule ukingoni tulisubiri wengine watangulie. Upepo ulikuwa mkali, nikampeleka mpaka kwenye chuma cha kuegemea na kumwekea mikono yote miwili juu yake.

"Haya," alisema. "Nieleze."

Nikasafisha koo. "Mbele yenu, mabibi na mabwana, ni mdomo wa mlima ambao kwa karne nyingi umekuwa—"

"Hiyo nimeitunga mimi," akanikata. "Niambie kilichopo."

Nikafungua mdomo na hakukutoka kitu. Miaka tisa nimesimama mahali pale, safari mbili kwa siku, na siku zote nilikuwa nimewapa wageni uso na shimo nimelipa mgongo. Nilikuwa natazama nani anasikiliza. Aibu iliyonishika sijui niieleze vipi.

Nikageuka. Nikashika chuma karibu na mikono yake, nikatazama.

"Baba," nikasema, "moshi hautoki mahali pamoja. Ni pawili. Pakubwa ni pale chini, na pengine padogo, upande wa kushoto, juu kidogo. Huu mdogo unatoka, unakatika, unatoka tena."

"Pawili?"

"Pawili. Na ukuta wa ndani si mweusi kama tunavyosema. Una mistari ya njano. Na kuna majani, Baba. Machache, ila ni mabichi kabisa, yameota kwenye ufa ambao hata mtu hawezi kufika."

Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini, cha kifuani, na nikaona machozi yanamtoka.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Kumbe tumewadanganya watu wengi."

Dereva alipiga honi ya kutuita. Wageni walikuwa wameshapanda. Nikamshika mkono nimgeuze, lakini alikuwa ameng'ang'ania chuma.

"Watatungoja," alisema. "Huo mdogo, ukikatika, unachukua muda gani kutoka tena?"

Sikujua. Tukasimama pale mimi na yeye, nikamhesabia.